Punda wa Bei ya Kutupa

Tuelewane kwanza. Leo siji kuwafunza biashara. Leo nakiri.

Mnaonifuata kitambo mnajua niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipoisha, nikarudi nyumbani Laare. Watu wa nje wanadhani huku pesa ni miraa tu. Lakini amka mapema uangalie barabara: punda na mitungi ya maji. Matajiri wa Nairobi wana farasi wao kule Ngong. Sisi farasi wetu ni punda. Nikapiga hesabu yangu: nipate punda mmoja, niuzie hoteli na nyumba za kupanga maji, baada ya miezi kadhaa ninunue kamera ya maana.

Sokoni wote walikuwa wanaitisha elfu kumi na sita kwenda juu. Jamaa mmoja akaniambia elfu nane. Nikamuuliza mbona rahisi hivyo, akacheka. "Baite, niko na shida ya haraka. Na huyu ana mimba. Unanunua mmoja, unapata wawili."

Wawili kwa elfu nane! Akili ikalala hapo hapo. Sikumfungua mdomo nione meno. Sikuinua kwato. Sikutoa lile gunia lililokuwa mgongoni. Barua ya chifu ya kuonyesha ni wake? Akasema ataileta kesho. Hiyo kesho bado naingoja.

Nikamwita Kendi, yaani mpendwa. Nikapiga video, mkaipenda kuliko zote nilizowahi kuweka.

Ambacho hamkuona ni gunia lilipotoka. Chini yake kulikuwa na kidonda kama kiganja cha mkono. Kwato zilikuwa zimerefuka na kujikunja kwa mbele. Na bado asubuhi yake nilimpakia mitungi minne. Mtungi mmoja ni lita 20, minne ni kilo 80. Nikajiambia punda ndiyo kazi yake. Usiku nikilala nahesabu watoto: huyu wa kwanza namuuza, dume la jirani linampanda tena, wa pili namweka.

Wiki ya tatu Kendi alianguka kwenye mlima, maji yakamwagika yote. Usiku huo akazaa kabla ya wakati. Mtoto alitoka amekufa. Kendi alimnusa na kumsukuma kwa pua mpaka kukapambazuka, na mimi nimekaa hapo na simu mkononi, sijui hata niishike ya nini.

Mkauliza kwa komenti, "Mtoto wa Kendi je?" Nikawajibu "soon" na emoji ya moyo. Huo ulikuwa uongo, na ndio umenifanya niandike hii.

Daktari wa mifugo alipokuja aliangalia meno tu, akaniambia huyu amepita miaka 15. Akaniambia punda asibebe zaidi ya theluthi ya uzito wake, na kwa aliyekonda hivi mwenye mimba, hata hiyo ni nyingi. Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia.

Sasa sikiza. Bei za punda Kenya hazikupanda bure. Kuanzia 2016 vichinjio vya punda vilifunguliwa, vikiwemo vya Mogotio na Naivasha, ngozi ikienda Uchina kutengenezewa dawa inayoitwa ejiao. Punda wakaanza kupotea maboma usiku. Sensa ya 2009 ilihesabu punda kama milioni 1.8. Ya 2019 ikapata karibu milioni 1.2. Februari 2020 waziri wa kilimo wakati huo, Peter Munya, mtu wetu wa Meru, akapiga marufuku uchinjaji. Mwaka wa 2021 mahakama ikaiondoa hiyo marufuku. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusimamisha biashara ya ngozi kwa miaka 15.

Kwa hivyo ukiona punda wa nusu bei, jiulize hiyo nusu nyingine imelipwa na nani. Labda ni mama fulani aliyeamka akakuta kamba imekatwa. Labda ni punda mwenyewe, kwa mgongo wake. Mimi mwishowe nilijipeleka kwa chifu nikaeleza nilivyomnunua. Hakuna aliyejitokeza kumdai, lakini siwezi kuapa kwamba si wa mtu.

Kuna wale mtasema, kama wamepungua si tuwazalishe kwa wingi? Punda si kuku. Mimba ni karibu mwaka mzima, na anazaa mmoja. Huyo mmoja hafai kubeba mzigo mpaka afike miaka minne hivi. Ndiyo maana vichinjio vilikuwa vinamaliza haraka kuliko wanavyozaliwa. Na akitunzwa vizuri anaweza kuishi zaidi ya miaka 30, yaani mtoto unayemzalisha leo anaweza kukukuta na wajukuu.

Sisemi kuzalisha ni dhambi. Nasema mama awe na afya na umri unaofaa, apumzishwe kazi mimba ikikomaa na akinyonyesha, na uwe na chakula cha wawili kabla ya kuita dume. Kama mpango wako ni "mtoto atajilipia", huna mpango. Mimi nilikuwa na huo huo.

Elfu nane yangu, pamoja na daktari, dawa na majani, ilishapita elfu ishirini. Ningenunua punda mzima mwenye barua na nibaki na chenji.

Kendi bado yuko. Kidonda kimefunga, kwato zimepunguzwa, na habebi kitu tena. Maji nasukuma mwenyewe kwa mkokoteni, na watu wa stejini wananicheka vizuri sana. Video yake naiweka Jumamosi, ikiwa na zile za siku za kwanza nilizoficha. Mkitaka kutukana, nitukaneni mimi.