Jike Aliyepasuliwa Kentucky

Masika ya mwaka 1989 nilikuwa mtunza farasi katika shamba moja nje ya Lexington, jimbo la Kentucky, Marekani. Jike ninayemkumbuka alikuwa amezaa wiki chache nyuma. Huo ndio wakati wa hatari kwao. Utumbo mpana wa farasi ni wa mita tatu hadi nne, na sehemu yake kubwa haikushikizwa popote tumboni, kwa hiyo huweza kujisokota wenyewe.

Jioni alianza kuparapara ardhi kwa kwato, akigeuka kutazama ubavu wake. Muda si muda akawa anagaragara, jasho linamchuruzika, tumbo limevimba kama ngoma. Msimamizi alitaka tumtembeze mpaka kuche. Mzee aliyetufundisha kazi hakukubali; alimfunua mdomo, akaona fizi zimegeuka rangi, akaenda kumpigia simu daktari wa mifugo.

Farasi hawezi kutapika, kwa hiyo daktari alianza kwa kumpitisha mpira puani hadi tumboni. Kisha akampima kwa mkono kupitia nyuma, akasema apasuliwe usiku uleule.

Hospitalini, alipolala kwa nusukaputi, winchi ilimnyanyua kwa miguu yote minne, akalazwa chali. Wakampasua katikati ya tumbo. Utumbo ulitoka umeiva zambarau, karibu na weusi, mzito hata watu wawili waliubeba kwa taabu. Wakautoboa penye kona yake, wakausafisha kwa maji, majani yaliyosagika yakamwagika ndoo kwa ndoo. Ulipokuwa mwepesi wakauzungusha kuurudisha mahali pake. Kisha wote wakasimama kuutazama. Weusi ukafifia taratibu, wekundu ukaanza kurudi pembeni. Sijaona tena kitu kama kile.

Kuamka nako kulitisha. Mnyama wa kilo 500 aliyelewa dawa aweza kuvunjika mguu baada ya kazi yote hiyo. Chumba kilizungushiwa magodoro, kamba moja kichwani, nyingine mkiani. Aliyumba, akaanguka, akajaribu tena, akasimama.

Daktari alistahili sifa zake, lakini mimi nampa mzee yule haki yake kwanza. Utumbo uliosokotwa hivyo hufa kwa saa chache, na ukishakufa kisu hakisaidii.

Ndugu zangu wa Lamu mnaofuga punda, nawasimulia haya kwa sababu punda naye huumwa msokoto wa tumbo, hasa akimeza mifuko ya plastiki, na huficha maumivu kuliko farasi. Mkimwona ameacha kula na ameinamisha kichwa, mwiteni daktari siku hiyohiyo.