Masurufu ya Nyumba Yetu

Nimeishi umri wa kutosha kuona masurufu ya nyumba moja yakitoka katika mikono mitatu mbalimbali: mkono wa baba yangu, aliyekuwa kibarua na baadaye mwajiriwa wa mshahara, mkono wa serikali iliyokuja na Uhuru, na mkono wa mama yangu, ambao katika miaka ya dhiki ndio uliobeba yote. Nayaandika haya kwa kuwa nawasikia vijana wakibishana juu ya kima cha chini na kikokotoo cha pensheni kana kwamba mambo hayo yalizuka jana, ilhali kila senti inayobishaniwa leo ina nasaba yake, na nasaba hiyo imepita katika nyumba za kupanga kama ile yetu ya Magomeni.

Baba alitoka Rufiji akiwa barobaro, muda mfupi baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwisha, akafikia kwa ami yake Kariakoo, na kazi yake ya kwanza ikawa ukuli wa bandarini. Siku hizo wengi wa wapakuzi wa meli waliajiriwa kwa siku: mtu alirauka alfajiri, akasimama langoni pamoja na halaiki ya wenziwe, na akichaguliwa alipata ujira wa siku ile, na asipochaguliwa alirudi kwa mwenyeji wake mikono mitupu, maana meli zisipotia nanga hapakuwa na aliyeuliza makuli watakula nini. Alipenda kutuhadithia mgomo wa Septemba 1947, ulioanza kwa makuli wa bandari ya Dar es Salaam kisha ukafuata njia ya reli hadi miji ya bara. Na kila alipoufikia alisisitiza kwamba utajiri haukuwamo katika madai yao, walitaka ujira utakaolingana na bei ya mchele na ya nguo, kwa kuwa baada ya vita vitu vilikuwa vimepanda na ujira umesalia chini.

Jambo ambalo baba hakulisema kwa maneno haya, lakini ambalo nimelifahamu kwa kuyafikiri maisha yake, ni kwamba dola ya kikoloni na matajiri waliukadiria ujira wa Mwafrika kana kwamba ni mseja, asiye na mke wala mtoto, ambaye aila yake hula kutoka shamba la kijijini. Naye bibi yangu kule Rufiji, aliyeinamia mpunga wake msimu baada ya msimu, akawalea wajukuu, akamwuguza mwanawe kila aliporudi amechoka, alikuwa kwa hakika akimlipia tajiri wa mjini ile sehemu ya mshahara ambayo tajiri hakuitoa. Hakuna daftari lililoandika mchango wa bibi yule, wala hakuna aliyemshukuru, walakini bila ya jembe lake ujira wa bandarini usingalimweka mtu hai mwaka mzima.

Mimi nilipata akili zangu baba akiwa ameacha ukuli na kushika kazi ya kudumu katika ghala la kampuni moja ya biashara, na hapo ndipo nilipoyaona kwa macho yangu mambo yaliyoletwa na Uhuru. Vyama vya wafanyakazi, vilivyokuwa vimeungana mwaka 1955 katika shirikisho la TFL na Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wake, vilikuwa vimekwisha kuwafunza watu kudai pamoja; na serikali mpya, mwaka wake wa kwanza tu, ilipitisha mwaka 1962 sheria ya kiinua mgongo kwa anayeachishwa kazi, ikaweka na bodi ya kuchunguza mishahara chini ya Mwingereza Donald Chesworth, ambayo matokeo yake yalikuwa kima cha chini cha shilingi 150 kwa mwezi mjini Dar es Salaam, kuanzia Januari 1963. Msomaji wa leo asizitazame shilingi hizo kwa jicho la leo. Kwa mara ya kwanza ujira ulikadiriwa kwa kumfikiria mtu mwenye mke na watoto, na athari yake ilionekana sahanini: tukala wali hata siku zisizokuwa za sikukuu, mimi na dada yangu tukapata viatu vya shule, na mama, ambaye miaka ile baba alimhesabia mshahara mkononi mwisho wa mwezi, aliweza kugawa fungu la kodi ya chumba, fungu la chakula, fungu la mkaa na mafuta ya taa, na bado kikabaki kifungu cha kupeleka Rufiji.

Lakini neema ile haikumfikia kila mtu. Waajiri wengi, walipoona ujira umepanda, walipunguza vibarua na kuwataka waliosalia wafanye kazi zaidi, na katika mashamba ya mkonge watu walipungua sana. Jirani yetu wa chumba cha pili, fundi mwashi aliyekuwa akifanya kazi kwa mkandarasi mmoja, aliachishwa katika miezi ile. Baba akapata ziada na jirani akapoteza yote, wakiwa wametenganishwa na ukuta mmoja wa udongo. Nimelikumbuka jambo hili kila niliposikia ahadi ya kupandisha mishahara, si kwa kuipinga, maana ile ya 1963 ilikuwa insafu na ilistahili kufanywa, bali kwa kujua kwamba kima cha chini humlinda aliyemo ndani ya ajira, na aliye nje huhitaji hifadhi ya namna nyingine.

Serikali iliingia katika masurufu yetu kwa njia nyingi zaidi ya mshahara. Mwaka 1964 uliundwa mfuko wa akiba wa wafanyakazi, NPF, ambamo asilimia 5 ya ujira wa baba ilikatwa na mwajiri wake akaongeza asilimia 5 nyingine. Na baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali ilipofuata shauri la mtaalamu wa Shirika la Kazi Duniani kwamba mishahara isipande kwa zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka, wafanyakazi waliambiwa kwamba watakachokikosa katika mshahara watakipata katika huduma na katika bei zilizodhibitiwa. Nashuhudia kwamba kwa muda ahadi hiyo ilitimizwa. Karo ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973, hospitali ya serikali haikututoza kitu, na mwaka huohuo ikaundwa Tume ya Bei ya Taifa, iliyopanga bei za vitu vya lazima nchi nzima. Mdogo wangu alipolazwa kwa homa ya matumbo, baba alitoa nauli ya basi na sabuni, basi. Gharama iliyobaki ilibebwa na taifa, na hiyo ilikuwa nyongeza ya mshahara hata kama haikuandikwa katika karatasi ya malipo. Mtu apimaye maisha ya mfanyakazi kwa kutazama mshahara peke yake huona nusu ya kitu.

Kisha mambo yakageuka, na yaligeuka haraka kuliko tulivyoweza kuyafahamu. Kima cha chini kilipandishwa hadi shilingi 240 mwaka 1972, kikafika 340 mwaka 1974, na kufikia 1981 kilikuwa 600. Lakini ukame, kupanda kwa bei ya mafuta, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na vita vya Kagera vilifuatana, na bei halisi, ile ya mlango wa nyuma, ikaziacha mbali nyongeza zote hizo. Bei iliyodhibitiwa haikuwa na faida tena kwa kuwa kitu chenyewe hakikuwapo dukani. Tulipanga foleni katika duka la kaya, jina limeandikwa kwa balozi wa nyumba kumi, tukingoja sukari, sabuni, na ule unga wa mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, ambao watu wa Dar es Salaam waliuita Yanga kwa rangi yake. Mwaka 1984 ruzuku ya sembe iliondolewa, na baada ya hapo mshahara wa mwezi wa mtu wa hali ya baba ulikuwa ni masurufu ya siku chache tu.

Katika miaka hiyo ya dhiki ndipo mama aliposimama. Alianza kwa vitumbua vya asubuhi, akivipika kabla ya adhana ya alfajiri na kuvipeleka penye kituo cha mabasi; akaongeza chapati na maharage kwa wafanyakazi wa gereji jirani; alipopata mtaji kidogo akafuga kuku wa mayai katika ua ambao mwenye nyumba alituruhusu kuutumia kwa sharti tuufagie. Kila Ijumaa alitoa fungu lake katika upatu wa akina mama wa mtaa, na kijumbe wao, mwanamke asiyejua kuandika ila mwenye hifdhi ya ajabu, alijua bila daftari ni nani ameshapokea na ni zamu ya nani. Zamu ya mama ndiyo iliyolipa sare za sekondari za mdogo wangu, ndiyo iliyomzika ami yetu kwa staha, ndiyo iliyonunua bati la kwanza la nyumba tuliyokuja kuijenga Mbagala. Baba aliendelea kwenda ghalani kila asubuhi, amefua shati lake, akipokea mshahara ambao sasa ulitosha nauli na chakula cha mchana. Na nadhani alidumu na kazi ile kwa ajili ya heshima na kwa ajili ya akiba iliyokuwa ikikatwa, ilhali riziki ya nyumba ilitoka kwa mkewe.

Na mkewe huyo, machoni pa sheria, hakuwa na kazi. Ilipokuja kampeni ya Nguvu Kazi mwaka 1983, ya kuwaondoa mjini waliohesabiwa wazururaji na kuwapeleka mashambani, mama alikuwa akibeba cheti cha ndoa ndani ya kanga yake kila alipokwenda kituoni na sinia la vitumbua, apate kuthibitisha kwamba ana mume mwenye ajira. Mwanamke aliyekuwa akiwalisha watu sita, mmoja wao akiwa huyo mume mwenye ajira, ilimbidi ajikinge kwa jina la yule aliyekuwa akimlisha. Sijawahi kulisamehe jambo hili katika nafsi yangu.

Baba alistaafu miaka hiyohiyo ya themanini, akapewa akiba yake kwa mkupuo, kama sheria ya mfuko ilivyokuwa ikiagiza, kwani haukuwa na pensheni ya kila mwezi. Kwa shilingi alizozitia tangu 1964 angaliweza, zamani zile, kununua mabati ya nyumba nzima. Lakini bei zilikuwa zikipanda kwa takriban asilimia 30 kila mwaka, na fedha iliyongojewa miaka ishirini iliishia katika saruji ya msingi na mlango mmoja. Aliishi muda mrefu baada ya hapo bila kupokea chochote kutoka popote, akila kwa watoto wake na kwa kuku wa mama. Ndiyo sababu nilipoona mwaka 1997 sheria ikiugeuza mfuko ule wa akiba kuwa NSSF, wenye pensheni ya kila mwezi kwa aliyechangia miezi 180, pamoja na mafao ya uzazi, ya ulemavu na ya warithi, niliona kwamba jambo kubwa limefanywa, ijapokuwa magazeti hayakulipa nafasi kubwa.

Vijana wa leo wamerithi mambo hayo yote kwa pamoja. Wana mfuko wa fidia, WCF, ulioanza 2015 kwa ajili ya wanaoumia kazini. Kima cha chini cha watumishi wa umma kilipandishwa hadi shilingi 370,000 mwaka 2022 na kutangazwa 500,000 kuanzia Julai 2025. Na ugomvi wa kikokotoo uliowaka 2018, wa kama mstaafu apewe kwa mkupuo asilimia 25 au zaidi, umepita katika asilimia 33 hadi 40 kwa wengi wa watumishi wa umma. Nauelewa ugomvi huo, kwa maana nimeona mkupuo ukijenga na nimeona mkupuo ukiyeyuka. Rai yangu, niliyoipata kwa baba yangu, ni kwamba mzee huhitaji kitu kidogo kisichokatika kuliko kingi cha siku moja. Wenzetu wa Zanzibar walilitambua hilo walipoanza mwaka 2016 kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70, awe aliajiriwa au hakuajiriwa, shilingi 20,000 kwa mwezi, kiasi ambacho baadaye kimeongezwa hadi 50,000. Kiasi ni kidogo, lakini kinamfikia pia yule bibi wa jembe na yule mama wa vitumbua, kwa haki yao wenyewe.

Bado wako wengi ambao hifadhi haijawagusa: mama lishe, dereva wa bodaboda, mchuuzi wa Kariakoo, na binti wa kazi za ndani, ambaye amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 ilimwekea kima cha shilingi 60,000 akiwa anaishi kwa mwajiri wa kawaida, na ambaye nyumba nyingi ninazozijua hazimpi hata hizo. Nawaomba wabunge wetu wailete Bara pensheni ya wazee wote kama ilivyo Visiwani. Nawe msomaji, ikiwa una binti anayekutunzia watoto ili wewe uende kazini, mwandikie mkataba, mpe kima chake bila kumpunja, na umwandikishe katika mfuko wa NSSF mwezi huu, kwa kuwa naye ni mwajiriwa kama wewe, na miezi 180 huanza kuhesabiwa mchango wake wa kwanza unapolipwa.