Ulizia na Ugoro: Barua kwa Binti wa Kaka Yangu

Ukunda, Kwale

Mwanangu mpendwa,

Babako hana la kusema ila kwamba umemaliza chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC Msambweni, na umepangiwa kliniki ya wajawazito. Mimi nimeshastaafu, lakini kazi yangu kubwa ilikuwa hiyo hiyo, na lipo jambo nataka ulishike kabla hujaanza.

Mama akija mara ya kwanza, katika maswali yako limo la tumbaku. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unataka kila mjamzito aulizwe mapema, arudiwe kila akihudhuria, na aulizwe pia kama nyumbani mna mtu anayevuta. Utawasikia wengi wakiuliza tu, "Unavuta sigara?" Mama anasema la, na nesi anaendelea kupima presha. Mama hajadanganya. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa wanawake wanaovuta nchini Kenya hawafiki hata mmoja katika mia: ni 0.8%. Wanaotumia tumbaku isiyo na moshi walikuwa 3.8%. Ukiuliza sigara peke yake, walio wengi wamekupita.

Na Kwale hii tunawajua. Yupo anayetafuna, yupo wa ugoro, yupo anayetia tumbaku kwenye tambuu. Mimba ikiingia baadhi yao huzidisha, kwa kuwa wanaona ugoro unawatuliza kichefuchefu, na mama mkwe ameshawaambia ndiyo dawa. Hapa Diani utawapata wasichana wa hotelini na ufukweni. Hao ni sigara na shisha, ijapokuwa shisha ilipigwa marufuku Desemba 2017. Basi taja kila kitu kwa jina lake, na usimkadirie mtu kwa buibui au kwa suruali yake.

Usiulize mbele ya foleni. Mwanamke wa kwetu akisikika anavuta, ameshapewa sifa mtaani kabla hajafika kwake. Aliyemsindikiza, hata akiwa mkwe, mwombe kwa adabu akae nje. Kisha sema kama hivi: "Mama, wengi huniambia tumbaku inawapunguzia kichefuchefu. Wewe hutumia nini?" Hapo hajashtakiwa na mtu, atakujibu.

Akikubali, usimtishe wala usimsomee hotuba. Mweleze kinachotendeka. Nikotini hubana mishipa ya damu, na damu inayofika kwenye kondo la nyuma hupungua. Moshi wa sigara nao una hewa ya sumu inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Mtoto huweza kuzaliwa kabla ya siku zake, au na uzani usiofika kilo 2.5, au akazaliwa amekufa. Ugoro hauna moshi, lakini nikotini ni ile ile. Na Pwani yetu malaria na upungufu wa damu tayari vinawapunguza watoto uzani, ndiyo maana tunawamezesha akina mama SP, dawa ya kuzuia malaria, mbele yetu na kuwapa vidonge vya kuongeza damu. Kumpa vidonge hivyo na kuunyamazia ugoro wake ni kuiacha kazi katikati.

Halafu mpe habari njema, maana ipo. Utafiti wa Australia na New Zealand uliochapishwa mwaka 2009 uliwafuata wanawake walioacha sigara kabla ya wiki ya 15. Kwa kuzaa kabla ya wakati na kwa kuzaa watoto wadogo, hawakutofautiana na wasiovuta. Kwa hiyo wahimize waje kliniki kabla mimba haijatimiza wiki 12. Na anayekuja na miezi saba usimvunje moyo. Mtoto huongeza uzani mwingi miezi ya mwisho, bado kuna la kuokoa.

Kuacha kwenyewe ni kazi, mwanangu, na dawa huna. Bupropion na varenicline, wanazopewa wengine, hazipendekezwi kwa mjamzito. Ulicho nacho ni maongezi na ufuatiliaji. Muulize ni saa ngapi hasa anaitamani: akiamka, akishakula, au akiwa na shoga zake? Mpange pamoja atafanya nini saa hiyo. Kama ni kichefuchefu, ale kidogo kidogo na ajaribu tangawizi, ambayo hata Shirika la Afya Duniani linaikubali kwa wajawazito. Mwambie kuwa siku za mwanzo atakuwa mkali na usingizi utamruka, na kwamba hamu ikimjia hupita baada ya dakika chache. Chagueni pamoja siku ya kuacha. Andika, na akirudi liwe swali lako la kwanza. Akianguka, asione haya kukwambia. Nawe usikunje uso. Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2016 unataka mjamzito aonwe mara nane. Hizo ni nafasi nane za kumshika mkono.

Na mumewe je? Sheria ya mwaka 2007 ya kudhibiti tumbaku inakataza kuvuta hadharani, lakini haimfuati mvuvi wa Gazi wala wa Shimoni chumbani kwake. Mwalike aje kliniki. Akija, zungumza naye kwa heshima, mwombe aache, na kama hawezi leo, basi moshi usiingie ndani ya nyumba. Ni shida sana mke kuacha huku mume anawasha kitandani.

Foleni itakuwa ndefu, na utajiona huna muda wa maswali haya. Ni dakika chache tu. Tafadhali, usimruke hata mama mmoja.



Ni mimi shangazi yako.