Mchora katuni kwenye sherehe: mtoto achekwe au acheke?

Huku kwetu Ngulyati, wilayani Bariadi, sherehe nyingi husubiri pamba iuzwe. Fedha zikipatikana, kamati huanza: muziki, mshereheshaji, mpiga picha. Mwaka huu, kwa harusi ya mdogo wangu, shemeji alipendekeza tuongeze mchora katuni. Tukampata kijana wa Bariadi mjini anayeandika mabango ya maduka, tukampa kianzio.

Kazi yake ni rahisi kuielewa. Mgeni anakaa, kijana anamtazama, anachagua kitu kimoja usoni, pua au kidevu, anakikuza kwa kalamu nene. Uso mmoja ni dakika 5 hivi, kwa hiyo kwa saa 1 huchora watu 10 hadi 12. Mjomba alipoona tumbo lake limejaza karatasi nzima, alicheka mpaka akavua kofia. Bibi, aliyebakiwa na jino moja, aliomba yake iwekwe fremu.

Kisha akakaa mtoto wa dada yangu, mwenye miaka 9. Meno yake ya mbele yametokeza, na shuleni wamempa jina analolichukia. Watoto wenzake walikuwa wamejipanga nyuma ya mchoraji, wakisubiri. Dada alinishika mkono.

Kijana hakuanza kuchora. Alimuuliza, "Unapenda kufanya nini?" Akajibu kwa sauti ndogo, "Kudaka mpira." Basi akamchorea viganja vikubwa kama ungo, mpira umenasa katikati, mdomo umefumbwa kwa nguvu ya kudaka. Watoto walicheka, naye akacheka nao. Usiku alilala na karatasi ile chini ya mto.

Tumezoea katuni za magazetini. Gado, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, na Masoud Kipanya wametufundisha kuwacheka wakubwa. Lakini kiongozi ameomba cheo mwenyewe, na anaweza kujibu. Mtoto hakuomba meno yake. Hata utani wetu wa babu na mjukuu una mipaka: anayetaniwa naye ana haki ya kurudisha.

Mzazi mwenzangu, ukimkodi mchoraji, zungumza naye kabla ya wageni kufika. Omba uone michoro yake ya nyuma. Mwambie kovu, ulemavu na rangi ya ngozi visiguswe, na watoto waulizwe kwanza wanapenda nini. Asiyetaka kuchorwa asisukumwe kitini. Mchoro aone mwenyewe kwanza, ndipo waone wengine. Na usiurushe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kabla hajakubali, kwa sababu kicheko cha kwenye simu hakiishi siku ya harusi.

Mwekee pia meza yenye mwanga mzuri, mbali na spika. Hawezi kumuuliza mtoto swali akasikia jibu wakati muziki unapasua masikio.