Taa za kaka zimeniumbua

Mwenzenu nimeumbuka! Kompyuta ya kaka ina feni za taa za rangi rangi, ila waya wa taa haukufika kwenye bodi. Mimi fundi wa kujipachika nikaukata, nikaunga kipande cha taa nyingine chenye kichwa cha matundu 4, nikachomeka. Kumbe taa zake ni za pini 3, zinakula volti 5, na nimezipa 12! Zikamulika mara moja, kwishnei. Kichwa chake cha zamani kisingeingia pale, ndiyo maana kimetengenezwa tofauti. Waya wa kurefushia wa pini 3 unauzwa, hukati kitu. Feni zinazunguka bado, umeme wake una njia yake, ila giza tupu. Kaka anarudi Jumamosi. Sijamwambia.