Saa Moja Iliyonitoa Machozi

Niliona haya kuandika habari hii, maana mimi ni mwalimu, na mwalimu hapendi kusema kwamba alikosea hesabu. Lakini labda itamsaidia mwenzangu.

Mama yangu alienda Kinshasa kutibiwa macho. Siku ya safari niliangalia tikiti yake: kuondoka Lubumbashi saa tatu kamili asubuhi, kufika Kinshasa saa nne na robo. Nikasema, kumbe ni mwendo wa saa moja na robo tu. Sikufikiri zaidi.

Baada ya wiki tatu mdogo wangu akapiga simu: «Yaya, mama anarudi kesho. Ndege inaondoka saa tatu.» Nikawaambia watoto: saa nne na robo bibi yuko Luano. Tukaenda kumngoja.

Saa nne na robo, hakuna ndege. Saa tano, hakuna. Simu ya mama haiiti. Nikampigia mdogo wangu, naye akajibu: «Yaya, waliondoka saa tatu kamili.» Hapo hofu ikazidi. Mtoto wangu mdogo akaniuliza: «Bibi ameanguka?» Wamama, katika inchi yetu mnajua namna swali hilo linavyoingia mwilini. Nililia mbele ya watu.

Saa sita na robo ndege ikatua. Mama akashuka, macho mazima, akanishangaa: «Unalilia nini? Tumefika kwa saa yetu.»

Jioni nikachukua kalamu. Kutoka Lubumbashi mpaka Kinshasa, ukipita angani moja kwa moja, ni karibu kilometa 1,570. Ndege inayokwenda kama kilometa 800 kwa saa, ukihesabu kupanda na kushuka, inahitaji saa mbili na kidogo. Lakini saa ya Kinshasa iko nyuma ya yetu kwa saa moja, kwa sababu jua linatuchea sisi kwanza. Na tikiti inaandika saa ya mji wa kuondoka, kisha saa ya mji wa kufika. Kwa hiyo safari ya kwenda inaonekana fupi, ya kurudi inaonekana ndefu. Saa tatu ya Kinshasa ni saa nne ya kwetu. Ongeza saa mbili na robo, unapata saa sita na robo. Ndege haikuchelewa. Ni mimi niliyewahi.

Somo hilo ninalifundisha kila mwaka ubaoni, na nyumbani sikulitumia!

Basi, mtu wako akitoka Kinshasa, uliza mambo mawili: anaondoka saa ngapi ya kule, na ndege inakaa angani muda gani. Kisha ongeza saa moja. Ni vilevile akienda Goma, Bukavu au Kisangani. Muda wa angani tu ndio unabadilika.

Mama bado ananicheka. Nikichelewesha bukari, anauliza: «Mwalimu, tunakula kwa saa ya Kinshasa ao ya hapa?»