Mdiria wa Mlango wa Lukuga

Ziwa Tanganyika hupokea mito mingi, lakini mlango wa kutokea maji yake ni mmoja tu, nao ndio mto Lukuga. Hapo Kalemie, mji ulioitwa Albertville zamani za Wabelgiji, maji huliaga ziwa, hupita kati ya matete na mchanga, kisha hushika njia ya magharibi hata yakutane na Lualaba. Cameron alipofika mwaka 1874 alisema kwamba maji yanatoka. Stanley akaja mwaka 1876, akaukuta mlango umezibwa na mchanga na mafunjo, akabisha. Mgeni wa leo hana haja ya ubishi huo. Atupe jani majini, nalo litampa jibu.

Wakati wa likizo nilikaa siku kumi na mbili karibu na mlango huo, nikaona kwamba wavuvi wake si watu peke yao. Usiku watu huenda ziwani na taa zao kuwavuta ndagala. Alfajiri, wanaporudi kuanika, mdiria huanza zamu yake. Mdiria wa hapa ni yule wa rangi mbili, mweusi na mweupe, mwenye kishungi kichwani na mdomo mrefu kama mkuki. Urefu wake wapata sentimita 25. Dume lina mikanda miwili myeusi kifuani, jike lina mmoja tu, tena mara nyingi umekatika katikati. Ndege wengi wa jamii yake hukaa juu ya tawi kumngoja samaki. Huyu husimama hewani, akipiga mabawa upesi upesi, kichwa kimeinama bila kutikisika, kana kwamba ametundikwa kwa uzi. Mara hujitupa chini. Samaki mdogo aweza kummeza papo hapo angani, ndiyo maana huvua hata mbali na ukingo.

Nyumba yake ni tundu ndani ya ukingo wa udongo, alilolichimba kwa mdomo na miguu, lenye urefu wa meta moja na zaidi. Mtaalamu Heinz-Ulrich Reyer aliwachunguza ndege hawa nchini Kenya katika miaka ya 1970. Aliona kwamba wazazi husaidiwa na madume yasiyo na mke kuwalisha makinda. Mara nyingi hao ni watoto wao wenyewe wa zamani. Lakini katika ziwa Victoria, ambako uvuvi ni mgumu, hata dume la kigeni hupokelewa. Katika ziwa Naivasha, ambako samaki hupatikana kwa urahisi, mgeni hufukuzwa. Nilipomsimulia jambo hili mvuvi mmoja mzee, alicheka, akasema kwamba hata kwao msaidizi hupendwa njaa ikibisha hodi.

Mwenyeji wangu alikuwa mtoto wa baba yangu mdogo, kijana apataye chakula chake kwa kupiga picha za harusi na za vitambulisho. Kwa fedha za harusi tatu alinunua lenzi ndefu iliyokwisha tumika, na kila alfajiri alijilaza kifudifudi ukingoni. Alitaka picha moja tu: mdiria akiingia tunduni na samaki. Mfanyabiashara wa mjini alikuwa ameahidi kuinunua kwa ajili ya kalenda yake.

Si kazi ndogo. Ukiipa kamera mwanga mwingi, weupe wa ndege huungua ukawa kama karatasi tupu. Ukiupunguza mno, weusi huwa kama shimo, na jicho, lililo jeusi ndani ya weusi, hupotea kabisa.

Jioni ya siku ya nne tuliketi uani, picha zikapita kwenye kompyuta moja baada ya nyingine. Walikuwapo fundi wa picha aliyemfundisha kijana huyu kazi, na mzee yule mvuvi, jirani yake. Fundi alianza kwa kusifu. Akasema: «Hapa umelala chini, jicho lako na la ndege yamekuwa sawa. Vema.» Kisha akaendelea polepole. Ndege huyu anatazama kushoto, na kushoto picha imekwisha. Mwachie mahali pa kwenda. Matete ya nyuma yana mistari kama yeye mwenyewe, kwa hiyo amepotea ndani yake; sogea hatua tatu, upate maji matupu nyuma yake. Huyu anayejitupa amekuwa ukungu, kwa kuwa kamera ilifunguka muda wa sehemu ya 500 ya sekunde. Jaribu sehemu ya 2,000. Kijana aliandika yote katika daftari. Alisahihishwa mara tisa, akashukuru mara tisa. Darasani kwangu jambo hilo ni haba.

Mzee alikuwa amenyamaza. Alipoona wanataka kufunga, aliomba warudi kwenye picha za mdiria aliyetua juu ya mti mkavu na samaki mdomoni. Fundi alikuwa amezisifu kuliko zote, kwa sababu jicho lilionekana wazi kabisa.

«Mwanangu,» akasema mzee, «kichwa cha samaki huyu kinatazama nje. Ndege anayekula mwenyewe hukigeuza kielekee kooni, mapezi yasimkwame. Huyu anampelekea mwingine.»

«Ndiyo, baba. Tundu liko hapo hapo. Nililala hatua nane kutoka mlangoni pake.»

«Picha ya kwanza uliipiga saa ngapi? Na ya mwisho?»

Kamera huandika saa ya kila picha. Ya kwanza ilikuwa saa moja na dakika 5, ya mwisho saa moja na dakika 46. Ndege yule yule, samaki yule yule.

«Dakika 41 amesimama na chakula cha watoto mdomoni,» akasema mzee. «Alikuwa akingoja wewe uondoke.»

Hakuna aliyesema neno. Mwishowe fundi akavua miwani yake. «Kwa ufundi sina la kuongeza. Lakini mzee amezisoma picha hizi kuliko mimi.»

Kijana alijitetea: kalenda, fedha, asubuhi mbili tu zaidi. Mzee hakumkaripia. Alimwonyesha mchanga wa ng'ambo, ambako wanawake hufua nguo na ndege hawajali. Fundi alikadiria kwamba kutoka kule ndege atakuwa mdogo kama ukucha. Nami nilipenda kwamba hakuna aliyemwambia aache, walimwambia ahame.

Usiku ule nilimsimulia habari za Alan McFadyen wa Uskoti. Mwaka 2015 picha yake ya mdiria wa kwao, mdomo ukigusa maji bila kurusha hata tone, ilienea duniani kote. Ilimgharimu miaka 6 na picha zipatazo 720,000. Kilichomvutia kijana wangu si hesabu hiyo, bali habari kwamba McFadyen aliwajengea ndege wale ukingo wa udongo, kwa kuwa mafuriko yalikuwa yakiyaharibu matundu yao.

Kesho yake tulivuka kwa mtumbwi. Kati ya saa moja na saa tatu tulihesabu safari kumi na moja za kuingia tunduni. Tena tuliona kitu ambacho hatua nane hazikutuonyesha kamwe: walioleta samaki walikuwa watatu, jike moja na madume mawili.

«Yaya,» kijana akaninong'oneza, «yule wa tatu ndiye msaidizi!»

Katika picha ya siku ile ndege ni wadogo kweli, ila ukingo mzima unaonekana. Unaonekana pia mkato mpya wa majembe, karibu pima mbili tu kutoka tunduni. Vijana wa matofali walikuwa wakichimba kutoka upande wa juu, na kutoka juu tundu halionekani. Ziwa lilipopanda sana mwaka 2024 liliingia katika nyumba za pwani ya Kalemie. Tangu hapo watu wana haja kubwa ya matofali, na mtu hawezi kuwalaumu.

Picha ilichapwa kwenye karatasi, nasi tukaipeleka kwao pamoja na mzee. Mkubwa wao aliishika kwa vidole vyenye udongo, akaitazama kwa muda mrefu, akauliza makinda hukaa ndani siku ngapi. Mzee akamjibu: wiki nne hivi tangu kuanguliwa. Akapima ukingo kwa macho, akachomeka tawi juu yake, akawaambia wenzake waanzie upande wa pili wa tawi lile. Kisha akaomba aachiwe picha. Kijana akamwachia.